Firigisi ya Mkwe

Mzungu aliyetaka kula vizuri kwenye boti ya Kibombo hakuwa na haja ya kuwa mkubwa. Alikuwa na haja ya kumsalimu Bulaimu, basi. Wazungu wa machimbo ya dhahabu ya Kabambare, waliokuwa wakija Kasongo na mabibi zao kupanda boti na kupumzisha macho mtoni, walifundishana jambo hilo kabla ya kufunga masanduku. Ukipanda, zunguka nyuma, pita mlango wa jikoni, sema "Jambo, mupishi," na ukiweza muulize habari za mtoto wake. Hapo mchana utaletewa paja la kuku, samaki wa jana ataenda kwa jirani yako, na kahawa yako itakuwa kahawa kweli. Usiposalimu, pole yako. Kuna bwana shamba mmoja, mgeni, alimwita Bulaimu makaku, yaani nyani, mbele ya mabibi. Safari nzima, kwenda na kurudi, yule bwana alikula shingo. Kila kuku aliyechinjwa alikuwa na shingo, na kila shingo ilimfuata yeye. Mwishoni akauliza kuku wa nchi hii wana shingo ngapi, na Bulaimu akajibu kwa heshima zote kwamba ni kazi ya Mungu.

Ndivyo alivyokuwa. Mfupi, mweusi ti, aproni yake nyeupe kuliko kanzu za watu wengi siku ya Idi. Alizaliwa Kasongo mjini, katika zile koo za Kiislamu ambazo babu zao walikuja na misafara wasirudi tena, na alijifunza jiko kwa kuosha masufuria ya bwana mkubwa mmoja hadi siku alipoachiwa kukoroga. Mkono wake ulikuwa mtamu, hilo hata maadui zake wanakubali. Lakini moyo wake ulikuwa na jambo moja tu, na jambo hilo ndilo lililommaliza.

Alitaka kukaa kwenye kile kiti.

Chumba cha kulia cha boti kilikuwa juu, na meza yake ilikuwa na kiti kimoja kando ya dirisha. Ukikaa pale unatafuna huku ukingo wa mto unapita polepole mbele ya sahani yako: michikichi ya Nyangwe, mitumbwi, wanawake wakiloweka mihogo, yote yanapita wewe umekaa. Bulaimu hakuwahi kula chakula chake akiwa amekaa. Alikula amesimama, kijiko cha mbao mkononi, mgongo kwenye ukuta wa moto. Kila alipochungulia mlangoni na kumwona mzungu amekaa pale dirishani, anatafuna, macho nje, alihisi wivu. Angekaa mara moja tu, kisha afe.

Mwenye boti walimwita Bwana Polepole. Alikula polepole, alitembea polepole, na hata alipokutukana alikutukana kwa sauti ya mtu anayeombea mgonjwa. Alikuwa na mbwa mmoja, Prinsi, mwekundu, mnene, aliyelala chini ya meza. Firigisi za kuku wote waliochinjwa jikoni zilikuwa za Prinsi. Wazungu hawajui firigisi. Wanaiona ni uchafu wa tumboni.

Siku moja, karibu na Nyangwe, Prinsi aliteleza akaanguka mtoni. Mahali pale pana mamba, kila mtu anajua, na kila mtu akabaki anaangalia. Bulaimu akajitupa na aproni yake. Msiniulize kwa nini. Alimshika mbwa shingoni akamvuta, na walipopandishwa akaenda nyuma kujisugua kwa mchanga na maji, akajisugua tena na tena hadi ngozi ikawasha, maana mate ya yule mnyama yalikuwa yamemjaa mikononi na dini yake ilimkataza. Jioni Bwana Polepole akamwita.

"Sema unachotaka," akamwambia.

Mwingine angeomba baiskeli. Mwingine angeomba bati za nyumba. Bulaimu akainamisha kichwa akasema, "Bwana, nataka kukaa mezani kwako. Kwenye kiti cha dirishani. Nile mara moja, niletewe kama wengine."

Wazungu waliokuwepo wakacheka mpaka glasi zikagongana. Bwana Polepole hakucheka. Alimwangalia muda mrefu kama mtu anayechagua kuku sokoni.

"Vema," akasema. "Siku nitakayorudi Ulaya, utakaa. Lakini na mimi nina langu. Kila safari naona watu wa tishari wanatafuna mifupa yangu. Sipendi. Kuanzia leo hakuna kitu cha jikoni kitakachoshuka chini. Hata mfupa. Hata maji ya wali. Kinachobaki, mtoni. Kikishuka kitu kimoja tu, hukai."

Sasa mjue tishari lenyewe. Boti ililivuta nyuma yake, na huko ndiko walikokaa watu weusi, juu ya magunia ya mchele na kuni za injini, jua lote lao na mvua yote yao. Tangu boti ile ianze kutembea, desturi ilikuwa kwamba mabaki ya meza ya juu yanashushwa kwa kamba ndani ya ndoo. Wanawake walipiga makofi ndoo ikishuka. Ndoo ile haikuwa zawadi ya mzungu. Ilikuwa haki ya mpishi kwa watu wake, na mpishi aliyeishusha aliitwa baba na watu wenye mvi.

Bulaimu akaikata kamba.

Mara ya kwanza ilimuuma. Alimwaga wali mtoni mbele ya macho ya watu, mchana kweupe, na kule chini mikono iliyokuwa tayari kupiga makofi ikashuka. Mara ya pili ilimuuma kidogo. Baadaye akaanza kuona kwamba watu wa tishari wana kelele, wana tamaa, na hawajui shida ya mtu anayetafuta kitu chake. Musafiri, aliyekuwa akipeleka sahani mezani, alimwambia, "Kaka, watu wanakusema vibaya." Bulaimu akajibu, "Watanisema wakiniona nimekaa." Huo ndio wimbo alioimba tangu siku hiyo: watanisema wakiniona nimekaa.

Kulikuwa na Albertine, mkulima wa pembeni ya Kasongo, mke wa mwindaji, Mkristo wa misa kila Jumapili. Alikuwa anamrudisha mtoto wake kutoka kwa daktari wa Kibombo, mtoto anawaka homa, anatapika kila kitu. Akasimama ukingoni mwa tishari akainua kikombe.

"Baba mupishi, mimi haniombi nyama. Maji ya muchele tu, ya mutoto."

Sufuria ilikuwa mkononi mwa Bulaimu, maji ya wali bado yanatoa mvuke. Akayamwaga kati yake na Albertine, pale pale, mtoni. "Ya huku ni ya huku, mama," akasema.

Albertine akakishusha kikombe. "Uishi miaka mingi, baba," akasema. "Uishi ukumbuke." Mtoto alipona kwa neema ya Mungu. Mama mtu hakusahau.

Ungedhani yameishia hapo. Bado, jamani.

Bwana Polepole alikwisha kutangaza kuondoka, safari zilizobaki zilikuwa chache, na Bulaimu alikwisha kumwomba Musafiri amfundishe namna ya kukunja kile kitambaa cha magotini. Wakafika Nyangwe. Watu wakapanda tishari, na miongoni mwao akapanda Mzee Faradji, baba mkwe wa Bulaimu, ameshikwa mkono na binti yake Mwamvita, mke wa Bulaimu. Mzee alikuwa amekwenda Nyangwe kuzika dada yake, kifua kikamkamata huko, naye Mwamvita akamfuata kumrudisha Kasongo, mtoto wao Waridi mgongoni. Mwamvita alipoona moshi wa jikoni alifurahi. Alimwambia baba yake, "Sasa tumefika kwa watu wetu."

Akasimama chini ya mlango wa jikoni akaita, "Baba Waridi! Baba iko huku chini. Hajatia kitu kinywani tangu jana."

Bulaimu akatoka. Akamwona mkwe wake amekaa juu ya gunia, akainama kama inavyotakiwa, macho chini, akapiga makofi ya heshima. Mzee akaitikia kwa mkono. Na wakati ule ule Musafiri alikuwa amekwisha kuleta kuku wa mchana wakiwa wamefungwa miguu, maana mezani walikuwa wakisubiri, na mahali pa kuchinjia palikuwa pale pale nyuma, mbele ya tishari zima.

Nisikilizeni vizuri. Kwetu kuku akichinjwa mbele ya baba mkwe, firigisi ni yake. Hakuna mjadala. Unaweza kumnyima paja, unaweza kumnyima kidari, ukasema ni cha wageni, naye atanyamaza. Firigisi humnyimi. Ukimnyima firigisi umemwambia, mbele ya watu, kwamba binti yake ulimwokota njiani.

Bulaimu akachinja. Angefanya nini? Akapasua, akatoa firigisi, akaziosha, akaziweka kwenye kibakuli kidogo. Kule chini Mzee Faradji aliona kibakuli. Akamwomba Mwamvita maji. Akanawa mikono yote miwili, polepole, kidole kimoja kimoja, akakaa nayo mbele yake imelowa, anasubiri. Watu wa tishari wakageuza macho jikoni. Wote walijua ile mikono inasubiri nini.

Bulaimu akakitazama kibakuli. Firigisi moja! Nani angejua? Lakini juu, kwenye reli, Bwana Polepole alikuwa ameegemea na kikombe chake cha kahawa, anaangalia mto, au anajifanya kuangalia mto. Bulaimu akafikiria kiti. Akafikiria michikichi ya Nyangwe ikipita mbele ya sahani. Akajiambia kwamba mzee ataelewa, nitamweleza, nitampelekea jogoo mzima, wiki chache tu. Akachukua kibakuli akapanda nacho ngazi. Waliokuwa chini wakasikia kucha za mbwa zikikimbia kwenye mbao, na kisha mbwa anatafuna.

Mikono ya Mzee Faradji ikakaukia pale pale kwa jua. Alipoona imekauka aliirudisha ndani ya kanzu yake.

Walipofika Kasongo, Mwamvita hakushika njia ya nyumbani kwa mumewe. Bulaimu alimkimbilia gatini na aproni yake. "Mama Waridi, ngoja! Wewe hujui nimeahidiwa nini!"

"Najua," akasema Mwamvita, wala hakupunguza mwendo. "Umeahidiwa kiti. Kalia. Siku ukitaka kunifuata, njoo na firigisi mkononi umpe baba mbele ya watu. Kama hana nguvu ya kutafuna, nitamkatia mimi."

"Nitakuja. Nikishakaa tu, nitakuja."

Jamani! Mtu anaondokewa na mke na mtoto, naye anasema nikishakaa.

Basi siku ikafika. Boti ilikuwa imefungwa gatini Kasongo, Bwana Polepole anakabidhi funguo kwa mwenzake, na wazungu wa mjini na wa Kabambare wakaja kumuaga. Bulaimu alipika kama ambavyo hajapata kupika. Kuku kwa njugu, samaki kwa limau, wali mweupe punje mbali na punje. Wakala, wakanywa, wakaimba. Halafu Bwana Polepole akagonga glasi kwa kijiko.

"Nina deni," akasema. "Mupishi, vua aproni. Njoo ukae."

Alitimiza ahadi. Tusimsingizie. Kiti cha dirishani kilivutwa, Bulaimu akakaa. Akaweka mikono juu ya kitambaa cheupe. Wazungu wakasimama kuzunguka meza, bibi mmoja akatoa mashine ya picha. Musafiri akaja na sahani, macho yake yamekataa kumwangalia. Aliweka sahani mbele ya Bulaimu. Kisha akaweka nyingine mbele ya kiti cha mwenye boti, na kwenye kiti kile, juu ya mto wa hariri, kitambaa kimefungwa shingoni, bibi mwingine alikuwa amempandisha Prinsi.

Kicheko kilipasuka ambacho watu wa gatini walikisikia.

"Hawa wawili ni ndugu," akasema Bwana Polepole kwa sauti yake ile ya kuombea wagonjwa. "Mmoja alimpa mwenzake uhai. Wale pamoja." Akachukua firigisi kwa uma, akaikata vipande vidogo, akaviweka kwenye sahani ya mbwa. "Prinsi ndiye mkubwa wa meza hii, aanze yeye. Si ndiyo desturi yenu, mupishi? Firigisi ni ya mkubwa. Nilimwona mzee wako siku ile amenawa mikono. Nikamwuliza Musafiri anangoja nini, akanieleza. Nikasema sasa nitajua kama huyu anakitaka kiti kweli."

Prinsi akala. Akamaliza yake, akanyoosha shingo, akatia ulimi kwenye mchuzi wa Bulaimu, upande mmoja wa sahani hadi mwingine. Mashine ya picha ikalia.

"Kula," akasema Bwana Polepole. "Meza haijavunjwa."

Bulaimu aliangalia dirishani. Siku zote alizoota kiti kile, boti ilikuwa ikitembea. Sasa ilikuwa imefungwa. Hakuna kilichopita. Dirishani palikuwa na gati, na juu ya gati watu wamesimama wanamtazama, wapagazi, wauza ndizi, wale wale wa tishari, na mbele yao Albertine na kikapu chake kichwani. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu.

Angeweza kusimama. Nimeambiwa na waliokuwepo kwamba mikono yake ilishika meza kama mtu anayetaka kusimama. Lakini alifikiria maji ya wali ya Albertine, na kamba ya ndoo, na Waridi mgongoni mwa mama yake. Akisimama sasa, vyote vile vitakuwa vimemwagwa bure. Akachukua uma. Akala alipolamba mbwa na asipolamba, akamaliza sahani. Akagundua kwamba mchuzi wake una chumvi nyingi, na kwamba miaka yote ile hakuna mtu aliyepata kumwambia.

Bwana Polepole akaondoka na mbwa wake.

Bulaimu alijisugua kwa mchanga tena, safari hii hata midomo. Kisha akamnunua jogoo mkubwa kuliko wote waliokuwa sokoni, akavaa kanzu ya Idi, akaenda kwa Mzee Faradji mchana kweupe. Habari zilikuwa zimemtangulia. Albertine hakuhitaji kuongeza kitu, alieleza alichokiona, na kilitosha. Ua lilikuwa limejaa majirani. Bulaimu akachinja mbele yao. Akawasha moto mwenyewe, akaipika firigisi peke yake, kwa kitunguu na mafuta ya mawese, hivi kwamba hata waliokuja kumcheka walimeza mate. Akaiweka kwenye sahani, akapiga magoti, akaisogeza kwa mikono miwili.

"Baba mukwe," akasema, "nilikosa. Nilikukosea wewe na nikamkosea mutoto wako. Pokea."

Mzee alikuwa amekonda, amelala nusu kwenye mkeka. Aliitazama sahani. Akamwambia Mwamvita, "Lete maji."

Bulaimu aliposikia lile neno machozi yalimtoka. Mwamvita akaleta maji upesi, maana naye alikuwa anataka, msidhani hakutaka. Mzee Faradji akanawa, polepole, kidole kimoja kimoja. Akaiweka mikono mbele yake. Firigisi ikatoa mvuke. Mzee hakuigusa.

Watu wakangoja. Mvuke ukapungua, ukaisha. Mafuta yakaanza kuganda ukingoni mwa sahani. Bulaimu magotini, mikono juu, mabega yanawaka moto. Jua likakausha maji kwenye mikono ya mzee, kwanza viganja, kisha kati ya vidole. Ilipokauka kabisa akairudisha ndani ya kanzu.

"Umepotea njia, mwanangu," akasema kwa upole. "Firigisi hii iko na mwenyewe, na mwenyewe amekwenda Ulaya. Mpelekee."

Mwamvita akafunika uso kwa kanga yake akaingia ndani. Waridi alimwita baba yake mara moja, kisha mlango ukafungwa.

Bulaimu alipita katikati ya mji wa Kasongo na sahani yake mkononi. Watu walimpisha. Wengine walimsalimu, na hapo ndipo palipouma zaidi. Nyumbani kulikuwa na kiti kimoja, cha mbao, alichokitengeneza mwenyewe. Hakukikalia. Alisimama mgongo ukutani, akala firigisi imepoa, kwa kuwa katika nyumba ile hakukuwa na mkubwa mwingine wa kupewa.